Mwenye Kidevu Changu

Bwenini, 4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na daraja mnalojenga linazidi kusogea ng'ambo.

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mama: najificha uso. Sisemi kwa mafumbo. Najificha kweli. Darasani nimehamia nyuma ya nguzo. Bwaloni nakula nimeshika shavu kama mtu mwenye jino bovu. Mkutubi ananisifu kwa wenzangu kwamba sijawahi kuonekana bila kitabu usoni. Kusoma nasoma, Baba, lakini vitabu vingine nimevichagua kwa ukubwa wa jalada.

Sababu ni ndevu. Zilianza kuota mwaka jana. Nilinunua kile kinyoleo cha plastiki cha kutumia na kutupa, nikanyoa kama nilivyoona wengine wakinyoa, harakaharaka, kwa maji baridi na sabuni ya kufulia. Kesho yake shingo nzima ikafumka vipele. Nikinyoa, vinaongezeka. Nisiponyoa, mlezi wa bweni ananitoa kwenye mstari. Kuna mwenzetu tunamwita Spika, kwa sababu sauti yake haina mahali pa kupunguzia. Siku moja alinitazama shingo, akatangaza bweni zima, "Jamani, tunalala na nanasi!" Tangu hapo mimi ni Nanasi. Hata mwalimu wa hesabu ameshateleza akaniita hivyo, akaomba radhi, ikawa mbaya zaidi.

Jina ningelivumilia. Shida ni kwamba mwalimu wa lugha amenichagua nisome hotuba ya kuaga kwa niaba ya darasa letu, siku ya wazazi, jukwaani. Hotuba nimeanza kuiandika na kwa kweli naipenda. Kuna sehemu moja nikiisoma peke yangu nasikia mwili unasisimka. Lakini kusimama pale mbele, taa na macho ya watu yote shingoni mwangu, siwezi. Nimepanga kumwambia mwalimu kwamba nina ugonjwa wa koo, ampe mwingine. Anataka jibu kabla ya mwisho wa Aprili.

Kabla sijasema uongo huo nimeona nikuulize wewe. Ndevu zako zimekaa vizuri siku zote. Mtu anayezipanga hivyo lazima anajua kunyoa. Nifundishe. Najua kule mtandao ni wa kubahatisha, na sisi simu ni marufuku, lakini hata ingekuwepo nisingeweza kulisema hili kwa sauti.

Usimwambie mama. Atanipaka kitu.

Mwanao


Kambini, 16 Februari

Profesa wangu,

Marahaba. Barua yako imekuja na lori la saruji, nimeikung'uta kwanza ndipo nikaifungua. Nimeisoma nimekaa juu ya ndoo wakati wenzangu wanapumzika. Hapo uliposema mama atakupaka kitu nilicheka, mwenzangu wa chumba akauliza kuna nini. Yule anaendesha kijiko cha kuchimba udongo, tunamwita Opereta. Sikumwambia.

Sasa sikiliza. Huumwi. Nywele zetu ni za kujikunja. Ukizikata chini kabisa zinajikunja kurudi ndani ya ngozi, ngozi inakasirika. Hiyo plastiki yako ina nyembe zimepangwa moja nyuma ya nyingine: wa kwanza unauvuta unywele, wa pili unaukatia chini. Itupe.

Nimekutumia kifurushi. Ndani kuna kinyoleo cha chuma, cha kizamani, kinachotumia wembe mmoja tu. Kuna paketi ya nyembe, brashi, sabuni ya kunyolea ya kopo, na kipande cha shabu cha kupaka ukimaliza. Kinyoleo ni vipande vitatu: kofia juu, kibati katikati, mpini chini. Wembe unalala kati ya kofia na kibati, halafu unakaza mpini kwa kuzungusha. Upinde wa kibati, yaani mgongo wake uliobinuka, utazame chini. Kila mfereji wa bati niliowahi kufunga maishani, upinde hutazama chini maji yapite katikati. Hapo usikosee.

Lakini usinyoe bado. Kwanza pumzisha shingo. Jifunze povu: maji ya moto, brashi ilowe, zungusha kwenye sabuni, halafu usoni, polepole, mpaka liwe zito kama rangi ya mafuta. Na jambo la pili: funga macho, pitisha kidole usoni. Panapoteleza ndiko nywele zinakolala. Panapokwaruza unaenda kinyume. Ujue kila mahali zinalala upande gani, kwa sababu tutanyoa kuzifuata, si kushindana nazo.

Hatua ya kunyoa yenyewe nitakuandikia baada ya Jumapili. Sipendi kukujazia mengi kwa mara moja.

Na huyo mwalimu usimwambie habari za koo. Mwambie unaendelea kufikiria. Huo si uongo.

Baba yako


Bwenini, 28 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifurushi kimefika. Mlezi wa bweni alikifungua mbele yangu, akakishika kinyoleo akakigeuzageuza, akasema, "Hivi bado vipo?" Akanirudishia kwa mikono miwili. Nyembe amezifungia kabatini kwake, naruhusiwa kuchukua mmoja mmoja, na mpaka shingo ipone hanitoi kwenye mstari.

Nimejifunza povu. Mara ya kwanza lilikuwa maji matupu, likanitiririka mpaka kwapani. Mara ya pili lilikuwa kavu likapasuka. Sasa linakubali. Spika alinikuta bombani akapiga kelele, "Njooni muone, nyumba inapakwa chokaa!" Walikuja. Nilitaka kuosha nikimbie, lakini Baba, nilikuwa nimepakwa mpaka machoni. Hawakuona kipele hata kimoja. Nilisimama tu, wakatazama, wakachoka, wakaondoka. Ilikuwa ajabu kutazamwa bila kuonekana.

Nimefanya na ile ya kidole. Sikujua uso wangu una jiografia. Mashavuni nywele zinashuka chini, sawa. Shingo ya kulia zinapanda juu. Shingo ya kushoto zinalala ubavu kuelekea sikio, kisha karibu na koromeo zinazunguka kama maji yanayoingia shimoni. Nilikuwa nanyoa pote kutoka chini kwenda juu. Nilikuwa naishambulia nchi nisiyoijua.

Swali moja. Katikati ya kidevu nina kishimo. Nilikuwa najua kipo lakini sijawahi kukifikiria. Mama hana. Ndevu zinaota mpaka ndani yake na brashi haiingii vizuri. Kishimo kinanyolewaje?

Hotuba imefika ukurasa wa pili. Mwalimu nimemwambia nafikiria. Akasema, "Fikiria kwa sauti basi, tukusikie."

Mwanao


Kambini, 10 Machi

Profesa,

Marahaba. Umefanya vizuri sana hapo kwenye ramani. Mimi nili— wengi hawafiki hapo.

Sasa kunyoa. Osha uso kwa maji ya moto. Povu. Shika mpini kwa vidole, si kwa kiganja. Usikandamize hata kidogo. Ni kama kushika fimbo ya kuchomelea, ukiikandamiza unatoboa. Uzito wa chuma chenyewe unatosha. Kofia iguse shavu kwanza, halafu shusha mpini taratibu mpaka usikie wembe umefika. Nyoa kipande kidogo, suuza, kingine kidogo.

Utashangaa. Haiumi kabisa. Hutasikia kitu. Ni kama kupanguswa na kitambaa. Nilikuwa nimesahau kunyoa kunaweza kuwa kutamu hivyo.

Kishimo ngoja kwanza. Nitakijibu.

Baba yako


Bwenini, 22 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimenyoa kama ulivyosema, siku ya Jumamosi, bombani kukiwa hakuna mtu. Ni kweli kabisa, haiumi. Nilipitisha mashavu yote na shingo nikifuata ramani. Hakuna hata tone la damu. Nilijisikia mtu mzima. Nilisuuza, nikapaka shabu, nikajitazama kwenye kioo.

Ndevu zilikuwepo zote.

Nikadhani labda inatakiwa kurudia. Nikarudia. Nikarudia tena. Baba, nilikuwa nanyoa povu. Spika alipita akanitazama akasema, "Nanasi, umeoga uso mara tatu na majani hayajatoka." Alikuwa anasema kweli.

Basi Jumapili, nikiwa nasafisha kinyoleo, kilinitoka mkononi kikaangukia sakafuni kikaachana. Nilipokifunga tena nilikosea: upinde wa kibati nikauelekeza juu, ndani ya kofia. Nikashangaa vimelaliana kama kijiko ndani ya kijiko, na wembe ukapinda kidogo, makali yakatokeza pande zote mbili. Kabla ya hapo makali yalikuwa yamejificha na wembe wenyewe ulikuwa unacheza. Nikajaribu shavuni. Ikasikika sauti, Baba. Kama mtu anatembea juu ya mchanga. Ndevu zikatoka.

Nimejikata mara moja chini ya mdomo, kidogo. Lakini zimepita siku tatu na shingo imetulia. Viko vipele vya zamani vinavyokauka. Vipya sioni.

Nadhani vinyoleo vya wakati wako vilikuwa vinafungwa tofauti na hivi. Nimeona nikuambie tu, usije ukamwelekeza mtu mwingine.

Kuhusu jukwaa bado naogopa. Shingo imeanza kupona, mimi bado.

Mwanao


Kambini, 2 Aprili

Profesa,

Umefaulu. Nilikuwa nakupima nione kama utatumia akili au utanifuata tu kama gari la kuvutwa. Upinde utazame juu, ndani ya kofia. Vizuri.

Ukishaufunga hivyo, uangalifu uongezeke mara mbili, unakata kweli. Kwenye kona ya taya, chini ya sikio, vuta ngozi kuelekea nyuma. Usivute chini. Ukivuta chini utakiona cha moto. Ukijikata, karatasi ndogo yenye maji baridi, ubandike, usishikeshike.

Kishimo: jaza hewa ya ulimi. Maana yake, sukuma ulimi ndani ya mdomo wa chini, kwa nguvu, kidevu kinavimba na kishimo kinafunguka. Nyoa kutoka kushoto kwenda kulia, kona tu ya wembe, mara mbili fupi. Usiingie kutoka juu. Ukiingia kutoka juu utajikata kwenye ukingo wa chini, na pale panatoka damu kama bomba limeachwa wazi.

Nimechelewa kazini. Mama anasema huli. Kula.

Baba yako


Bwenini, 12 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nakula.

Nataka kukuuliza jambo na naomba usinichukulie kama nakosa adabu. Mwalimu wa lugha hutufundisha kwamba barua husomwa mara mbili, mara ya kwanza kwa habari, mara ya pili kwa mtu aliyeiandika. Nimezitoa barua zako zote kutoka chini ya godoro nikazisoma hiyo mara ya pili.

Barua yako ya mwisho ina doa la kahawia, dogo, kama la damu kavu, juu kulia, pale mtu anapoegemea akiandika ameinamisha kichwa. Karatasi inanukia. Nimeilinganisha na kopo langu, ni sabuni ileile. Somo la kunyoa ulisema lingoje mpaka Jumapili ipite. Umesema ulikuwa umesahau kunyoa kunaweza kuwa kutamu, na mtu anayenyoa kila wiki hawezi kusahau. Haya yote ningeweza kuyaacha yapite.

Lakini kishimo, Baba. Nimefanya ulivyosema, ulimi, kushoto kwenda kulia, na kimefunguka kama ulivyosema. Halafu, kwa ubishi, nikaingia kutoka juu. Nikajikata kwenye ukingo wa chini, palepale. Mtu asiye na kishimo hawezi kujua hilo. Hawezi hata kulifikiria.

Tangu nizaliwe sijawahi kukiona kidevu chako.

Unajifunza pamoja nami? Kama ndiyo, ndevu zako ziko wapi?

Sikasiriki. Nikifikiria kwamba Jumamosi ile nilipokuwa nanyoa povu, huenda na wewe ulikuwa mahali fulani unanyoa povu, nacheka mpaka jirani wa kitanda cha juu ananigongea mbao. Ila nisingependa ujikate kwa ajili yangu.

Mwalimu bado anasubiri jibu.

Mwanao


Kambini, 21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako tangu juzi. Opereta aliniona nimeinama akauliza kama nyumbani kuna msiba. Nikamsomea. Akacheka akalala chali, halafu akasema, "Huyo mtoto umezaa askari wa upelelezi."

Nimeshikwa. Ngoja nikueleze vizuri.

Nilipokuwa na umri wako shingo yangu ilikuwa hiyo yako. Waliniita Msasa. Baba yangu naye alikuwa mtu wa kazi za mbali. Alikuwa akija likizo na mkate na viatu, na siku zenyewe chache, nikaona aibu kuzitumia kumuuliza mambo ya nywele. Sikumuuliza. Nilivumilia mpaka ndevu zikatosha kufunika, nikaziachia zikafunika, na zimefunika mpaka mwaka huu. Mama yako amenioa na ndevu. Najua ni mimi niliyemuoa yeye, lakini ukimuuliza atakuambia vinginevyo. Ipo picha ya darasa letu la ufundi pale nyumbani, kwenye albamu ya kijani. Ukinitafuta utaona bega langu. Nilisimama nyuma ya jamaa mmoja mrefu makusudi.

Wewe una nguzo, mimi nilikuwa na jamaa mrefu. Ndiyo maana barua yako ya kwanza ilinikalisha juu ya ndoo.

Ulisema mtu anayepanga ndevu hivi lazima anajua kunyoa. Nilikuwa najua mkasi na chanuo, basi. Ningeweza kukuambia hivyo. Lakini ulikuwa umeniuliza, mwanangu. Mimi sikuweza kumuuliza wangu, wewe umeweza. Ningekujibu vipi kwamba sijui? Nikaenda dukani nikanunua vinyoleo viwili vinavyofanana, kimoja chako, kimoja changu, muuza duka akanielekeza mambo ya povu na nywele kulala. Kufunga hakunielekeza, kwa sababu nilimwambia mimi ni fundi chuma. Nikawa kila Jumapili najaribu, halafu nakuandikia. Ndevu nilizipunguza kwa mkasi Jumapili ya kwanza, nikapaka povu, nikanyoa na upinde umetazama chini. Haikuuma! Opereta akaniambia, "Umependeza, unafanana na mtu aliyepaka povu halafu akalipangusa." Barua yako ya kibati ilipokuja aliisoma kabla yangu. Sasa kambi nzima wanajua. Wananiuliza, "Fundi, hata nguzo ya daraja upinde umetazama chini?"

Ndevu zimekwenda. Nilijikata mahali pengi. Siku ya kwanza mlinzi wa geti alinizuia. Huyu mlinzi tunasalimiana kila asubuhi. Akatazama kitambulisho, akanitazama mimi, akasema, "Mwenye hiki namfahamu vizuri sana, wewe umekipata wapi?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Sauti umeiga, ndevu je?" Alikuja msimamizi kunitambua, na yeye alikawia. Ofisi ikanipiga picha mpya. Wanachapisha nne, moja ya kitambulisho, tatu wanakupa. Moja nimeiweka humu.

Nimeomba ruhusa ya kuja siku ya wazazi. Nimenyimwa. Wiki hiyo tunamwaga zege la nguzo ya mwisho na hakuna mchomeleaji anayetoka. Sitakuja. Nakuambia mapema usije ukatazama mlangoni.

Opereta anasema tukikutana stendi utanipita kama mgeni. Nimemwambia hapana, atanijua. Atatafuta mwenye kidevu chake.

Kuhusu hotuba, sina la kukufundisha. Jukwaani sijawahi kupanda. Nikijaribu kukuelekeza nitakuelekeza upinde chini tena. Hilo utalifunga mwenyewe. Kwa kuwa sitakuwepo, uniandikie ilivyokuwa, nami nitajua.

Baba yako


Bwenini, 18 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umesema nikuandikie ilivyokuwa.

Picha nilipoitoa kwenye bahasha niliigeuza kwanza nyuma, nikasoma mhuri wa ofisi, nikapoteza muda kidogo. Nilikuwa naogopa. Halafu nikaigeuza. Baba, nimekutazama muda mrefu. Umebandika karatasi mbili, moja shavuni, moja chini ya sikio, na umepigwa picha ya kitambulisho ukiwa nazo. Na pale katikati kipo kishimo. Kina ukingo wa chini ulioinuka kidogo upande wa kushoto, kama changu. Nilikwenda kwenye kioo na picha mkononi kuhakikisha, ingawa nilikuwa najua.

Jioni ileile nilimwendea mwalimu wa lugha. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu lakini nikasema tu, "Nitasoma." Akasema, "Nilikuwa sijamtafuta mwingine."

Siku ya wazazi asubuhi kioo cha bwenini kilikuwa na watu kumi na vichwa vyao. Nilichukua karai la maji ya moto, nikaenda nyuma ya sehemu ya kufulia. Kioo sikuwa nacho. Niliiegemeza picha yako kwenye tofali, nikapaka povu. Nikafunga macho nikapitisha kidole, nikafungua, nikanyoa nikikutazama. Sikujikata. Kwenye kishimo nilisukuma ulimi, nikaona kama na wewe umesukuma.

Spika akatokea na ndoo. Akasimama. Akasema, "Nanasi, unanyoa au unamnyoa huyo wa kwenye picha?"

Nikamwambia, "Ni baba yangu."

Akachutama akaitazama. Nilingoja aseme neno. Akasema, "Naona," akateka maji akaenda zake. Hata ndoo aliibeba kimyakimya.

Jukwaani taa zilikuwa kali kuliko nilivyofikiri. Picha nilikuwa nayo mfuko wa shati. Uliniambia nisitazame mlangoni, lakini nilitazama, mara moja, samahani. Kisha nikaanza. Ukurasa wa kwanza niliusoma harakaharaka. Nilikuwa nimeishika karatasi juu, usoni, kama kitabu. Nilipofika ile sehemu ninayoipenda, niliishusha karatasi kwa sababu ile naijua kwa moyo. Basi wakaniona. Nikaendelea kusoma. Hakuna aliyecheka mahali ambapo sikutaka acheke. Kuna mzazi mmoja mbele alilia, lakini mama anasema yule hulia kila mahali.

Mama alinishika uso kwa mikono yote miwili mbele ya watu. Alinigeuza kushoto na kulia. Akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikampa picha. Akaanza kucheka akakaa juu ya sanduku langu, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ushungi. Akasema, "Miaka yote hii nalala na mtu ana shimo kidevuni na hajaniambia!" Akaitia kwenye pochi yake. Nimemwomba anirudishie, akasema nimwombe mwenye sura. Kwa hiyo naomba nyingine, Baba. Ulisema zilikuwa tatu. Anasema pia usithubutu kufuga ndevu tena kabla hajakuona, na kwamba badala ya hizo karatasi za shavuni angekupaka kitu.

Sisi wa mwaka wa mwisho tunabaki siku chache zaidi. Wazazi walipoondoka bweni lilikuwa kimya. Nilikuwa nafunga sanduku langu. Spika akaja akakaa ukingoni mwa kitanda changu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa anaongea chini. Alifungua kifungo cha juu cha shati. Huwa hakifungui kamwe, hata wakati wa joto, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Shingo yake yote, Baba, kutoka kola kwenda chini, ilikuwa vipele kama vyangu. Akasema, "Usicheke."

Sikucheka. Nilikwenda kwa mlezi wa bweni nikaomba wembe mpya. Nilichemsha maji nikayaleta kwenye karai. Nilikitoa kinyoleo sandukuni, nikakifungua vipande vitatu mbele yake, nikakifunga tena, upinde juu, ili aone. Kisha nikakiweka pembeni, nikamwambia leo hatunyoi, afumbe macho, apitishe kidole shingoni, aniambie nywele zinalala upande gani.

Mwanao